Jinsi ya kuikagua AI ya kusoma eksirei kabla haijaanza kusoma wagonjwa wenu

Siku hizi kampuni zinapita mahospitalini na laptop na projekta, wanawasha picha ya kifua yenye doa jekundu juu ya pafu la kulia, pembeni imeandikwa alama ya shaka, 87 kati ya 100, wanasema mashine imeona TB ndani ya sekunde chache tu, na mganga mfawidhi akikumbuka ile foleni ya picha ambazo hazijasomwa tangu Ijumaa anatamani kusaini hapohapo. Namwelewa kabisa. Hospitali nyingi za wilaya hazina daktari bingwa wa radiolojia hata mmoja, picha anasoma daktari wa zamu katikati ya wodi na OPD, nyingine anasoma mtu wa mionzi mwenyewe kwa uzoefu. Na hizi programu sio za kubeza, mana mwaka 2021 WHO ilishakubali kwamba kwa watu wa miaka 15 kwenda juu kompyuta inaweza kusoma eksirei ya kifua kwa ajili ya kuchuja TB badala ya binadamu, na walizipima tatu, CAD4TB ya Uholanzi, qXR ya India na Lunit ya Korea Kusini.

Ila kukubaliwa na WHO ni jambo moja, kufanya kazi vizuri kwenye mashine yenu na kwa wagonjwa wenu ni jambo lingine kabisa, na hapo ndo hakuna anayeangalia. Hakuna mamlaka itakayokuja kukaa kwenye chumba chenu cha eksirei. Kwaiyo hii ni kwa ajili ya watu wa mionzi, waratibu wa TB, watu wa TEHAMA na wafawidhi, mfano ni TB kwa sababu ndo programu zinazoletwa zaidi huku kwetu, lakini njia ni ileile hata kama ni CT ya kichwa (skani ya kompyuta) au mamogramu (eksirei ya matiti).

Anza kwa kumuuliza muuzaji kazi ya programu ni ipi hasa, na aiandike

Usiridhike na "inasoma eksirei". Kuna programu ya kupanga foleni tu, yaani picha inayotia shaka inasogezwa juu isomwe mapema. Kuna ya kuchora duara pale inapoona kitu, kuna ya kutaja ugonjwa, na kuna inayotoa jibu peke yake bila binadamu kupitia. Marekani hizi aina zinatofautishwa kabisa kisheria, mfano mwaka 2018 FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, iliruhusu programu ya Viz.ai inayomshtua daktari wa kiharusi ikiona mshipa mkubwa umeziba kwenye CT, kazi yake ni kushtua tu, na mwaka huohuo ikaruhusu IDx-DR inayosoma picha za ndani ya jicho za wenye kisukari, hiyo ikawa ya kwanza kuruhusiwa kutoa jibu bila daktari kuisoma picha. Ulaya nako mwaka 2022 ChestLink ya Lithuania ilipata ruhusa ya kutoa ripoti ya kifua yenyewe, lakini kwa picha zile tu ambazo haioni tatizo lolote.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu kinachotokea ni kwamba programu inaletwa kwa TB, baada ya muda mtu anaitumia kwa mtoto wa miaka 7, mwingine anaitumia kwa mzee aliyeanguka anatafuta mbavu zilizovunjika, mashine inasema 12, anaandika "kawaida" na mzee anarudishwa nyumbani na mbavu zake. Programu haikukosea hapo, haikuulizwa kuhusu mbavu. Ukishapata hiyo karatasi ya kazi ya programu, andikeni kwa maneno makubwa na mbandike juu ya kompyuta: ni ya TB, miaka 15 na zaidi, picha ya mbele, nje ya hapo picha inasomwa na mtu.

Soma cheti, usikiangalie tu

Muuzaji atakuonyesha alama ya CE, ile ya vifaa vinavyoruhusiwa kuuzwa Ulaya, au karatasi ya FDA. Vizuri, ila ujue zinasema nini. Vifaa vingi vya AI vilivyoruhusiwa na FDA, ambavyo vimeshapita 1,000 na karibu robo tatu ni vya radiolojia, vimepita njia inaitwa 510(k), ambayo mtengenezaji anaonyesha kifaa chake kinalingana na kingine ambacho tayari kiko sokoni, mara nyingi bila jaribio jipya la kufuatilia wagonjwa wamefaidikaje. Na Ulaya chini ya sheria ya zamani programu nyingi ziliwekwa daraja la chini kabisa ambapo kampuni inajitangazia yenyewe kwamba imetimiza masharti. Sheria mpya ya vifaa tiba iliyoanza kutumika Mei 2021 imekaza, programu ya kusaidia kugundua ugonjwa inaanzia daraja la IIa, na hapo lazima mkaguzi wa nje apitie. Kwaiyo swali lako la kwanza ni: CE yenu ni ya sheria ipi na daraja lipi? Mwenye karatasi nzuri anajibu hapohapo.

Swali la pili, utafiti uko wapi na umefanywa na nani. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walichukua programu 100 za radiolojia zenye alama ya CE wakatafuta ushahidi uliochapishwa kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, 64 hazikuwa na hata chapisho moja. Sitini na nne kati ya mia, na zote zina alama! Akikuletea utafiti angalia walioufanya wanalipwa na nani, wagonjwa walikuwa wa nchi gani, mashine gani, na wangapi walikuwa na VVU.

Huku nyumbani, Tanzania uliza usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mana kifaa tiba sio chuma peke yake, programu inayotumika kugundua ugonjwa nayo wadhibiti wa kimataifa wanaihesabu kuwa kifaa tiba kinachojitegemea. Kenya ni Pharmacy and Poisons Board. Mashine ya eksirei yenyewe ina leseni yake ya mionzi kutoka TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu, na hiyo haihusu programu kabisa, nimesikia mtu akisema "tumeshakaguliwa na Tume ya Atomu" kana kwamba imemaliza kila kitu. Haijamaliza.

Picha zinaenda wapi?

Hili pita nalo haraka ila usilipite. Faili la DICOM, yaani faili ambalo eksirei inahifadhiwa kwenye kompyuta, limebeba jina la mgonjwa, umri, tarehe, namba ya hospitali, wakati mwingine jina limechapwa juu ya picha yenyewe. Kama programu inafanya kazi kwenye seva ya nje, hayo yote yanasafiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, Tume ya ulinzi wa taarifa binafsi, PDPC, ndo ya kuuliza. Kenya wana sheria yao ya 2019 ambayo pia inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kwenye mkataba andikeni seva iko nchi gani, nani anaweza kuona, picha zinafutwa lini, na kubwa zaidi, kama kampuni itazitumia kufundishia matoleo yake yajayo au la. Kama itazitumia, hospitali ijue na wagonjwa wajue. Na omba toleo linalofanya kazi bila intaneti kama lipo, mtandao ukikata katikati ya kliniki ya TB hutaki foleni isimame.

Ijaribu kwa picha zenu, hapa ndo penyewe

Ukifanya kitu kimoja tu kwenye haya yote, fanya hiki.

Mwaka 2018 kundi la John Zech, Marekani, lilifundisha mashine kutambua nimonia kwa picha za hospitali tofauti. Wakagundua mashine ilikuwa inajua picha imetoka hospitali gani, karibu bila kukosea, na kwa vile hospitali moja ilikuwa na nimonia nyingi kuliko nyingine, ikawa inajisaidia na hiyo badala ya kuangalia mapafu. Ukiipeleka hospitali ya tatu inateleza. Alafu mwaka 2022 Judy Gichoya, daktari wa radiolojia Mkenya aliyeko Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, pamoja na wenzake wakaonyesha kwamba AI inaweza kutambua mtu anajitaja kuwa wa rangi gani kwa kuangalia eksirei tu, kitu ambacho hakuna daktari anaweza, na hata picha ikitiwa ukungu bado inatambua. Fikiria maana yake kwetu: mashine inaona vitu kwenye picha ambavyo sisi hatuvioni, na kama ilifundishwa kwa watu wasiofanana na wetu, kosa lake hatutaliona kwa macho.

Kwaiyo kabla ya mkataba, mwambie muuzaji tunataka kuijaribu kwa picha zetu za zamani. Nendeni kwenye rejista ya TB na ya maabara, chukueni watu waliopigwa eksirei na wakapimwa makohozi kwa GeneXpert (mashine ya maabara ya kutafuta TB), ili jibu la kweli litoke maabara na sio kwa maoni ya mtu. Mimi ningetaka angalau wagonjwa 50 waliothibitika na wengine 150 ambao hawakuwa na TB. Chini ya hapo namba zinadanganya, ukiwa na wagonjwa 20 tu kila anayekosewa anashusha matokeo kwa asilimia 5, ukibahatika utaona mashine ni malaika. Futeni majina, wapeni namba, na muuzaji asijue nani ana TB nani hana. Picha aziendeshe mtu wenu, sio mtu wa kampuni.

Na chagueni picha za kazi ya kila siku, sio zile nzuri za kwenye semina. Wekeni picha ya mashine ya kubebeka iliyopigwa mgonjwa akiwa kitandani. Wekeni mama aliyesuka nywele nene zikamwangukia mabegani, mana nywele za kusuka juu ya ncha ya pafu zinaleta kivuli palepale TB inapopenda kukaa, na mtu wa mionzi mzoefu anajua kuzishika juu kabla hajapiga lakini usiku wa shughuli nyingi anasahau. Wekeni aliyevaa hirizi au cheni shingoni, wekeni mtu aliyepigwa bila kuvuta pumzi vizuri. Kama mko karibu na machimbo kama Mererani au Geita basi wekeni wachimbaji, mapafu yaliyojaa vumbi la mawe yanafanana na TB mpaka daktari mwenyewe anajiuliza. Wekeni waliowahi kuugua TB wakapona wakabaki na makovu. Wekeni wenye VVU, ambao TB yao mara nyingi haijichori kwenye picha kama ya wengine. Utafiti mkubwa uliofanyika Dhaka, Bangladesh, kwa watu zaidi ya 23,000 ukapima programu tano, zote zilifanya vizuri kwa ujumla lakini zote zilishuka kwa wazee na kwa waliowahi kuugua TB. Zote tano. Ndo maana usipokee jibu moja la jumla, hesabu kila kundi peke yake: wazee, VVU, waliopona, wachimbaji, wanawake.

Mstari wa kukatia mnauchora nyie

Programu haisemi ana au hana, inatoa alama, nyingine kati ya 0 na 100, nyingine kati ya 0 na 1, na kuna mtu anaamua kuanzia ngapi mgonjwa atoe makohozi. Wauzaji wanakuja na mstari wao tayari. Msiukubali kabla ya kufanya hesabu hii, ni hesabu ya karatasi tu.

Chukua lengo ambalo WHO wanalitaja kwa kipimo cha kuchuja: angalau kikamate wagonjwa 90 kati ya 100, na angalau kiwaachie wazima 70 kati ya 100. Tuseme mnapima watu 1,000 na 20 kati yao kweli wana TB. Mashine itawakamata 18, wawili wataondoka. Kwenye wale 980 wasio na TB, 294 wataambiwa wanatia shaka. Jumla mnapeleka watu 312 GeneXpert kupata 18. Katriji moja bei ya kimataifa ni karibu dola 8, hapo ni kama dola 2,500, na je maabara yenu inaweza kupima 312 kwa muda gani? Kama haiwezi mtapandisha mstari, waliotiwa shaka watapungua, lakini wale wawili waliokosewa watakuwa wanne au watano. Huo ni uamuzi wa kitabibu na wa bajeti kwa pamoja, wakae mratibu wa TB, mtu wa maabara na mfawidhi waamue pamoja na wasaini. WHO na TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya tropiki, walitoa zana mwaka 2021 ya kusaidia hospitali kuchagua mstari wake kwa wagonjwa wake, itumieni, ni ya bure.

Mlinde anayesoma

Mtu akishaona jibu la mashine anaanza kuona kile mashine ilichosema. Mwaka 2023 Ujerumani walichukua wasomaji 27 wa mamogramu, wakawapa mapendekezo waliyoambiwa yametoka kwa AI, mengine yamekosewa makusudi. Wazoefu kabisa, ambao walipata zaidi ya 80 kati ya 100 pendekezo likiwa sahihi, walishuka hadi kama 45 likiwa limekosewa, na wageni wa kazi walishuka chini ya 20. Wazoefu! Sio uzembe, ni jinsi akili ya binadamu ilivyo.

Na historia ipo. Mwaka 1998 FDA iliruhusu mashine ya kwanza ya kusaidia kusoma mamogramu, ikasambaa Marekani nzima, mwaka 2007 utafiti wa vituo 43 ukaonyesha vituo vilivyoiweka usomaji wao ulipungua usahihi na wanawake waliokatwa kinyama cha kupimwa waliongezeka karibu asilimia 20. Miaka tisa imepita, wanawake wangapi hapo katikati walilala na hofu bure.

Kwaiyo pale ambapo yupo daktari wa kusoma, aandike kwanza maoni yake, hata neno moja, alafu ndo afungue alama ya mashine. Wakitofautiana, picha inaenda kwa mtu wa pili au inatumwa kwa bingwa wa mkoa. Pale ambapo hayupo kabisa na mashine ndo inachuja peke yake, basi dalili ziwe na nguvu kuliko alama: anayekohoa wiki mbili, anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, anatoa makohozi hata mashine ikisema 3. Hili liandikwe kwenye utaratibu wa kliniki, lisiachwe kwenye hekima ya aliyeko zamu.

Apdeti ni programu mpya

Toleo jipya likiingia, 60 ya leo inaweza isiwe 60 ya jana, mstari mliouchora unaweza kuwa hauna maana tena. Marekani wameliwekea utaratibu, mtengenezaji anaweza kueleza mapema atabadilisha nini na atathibitisha vipi, mwongozo wake wa mwisho FDA waliutoa Desemba 2024. Nyie wekeni kwenye mkataba hivi: hakuna apdeti inayoingia yenyewe, kampuni itoe taarifa kabla, toleo jipya lipitishwe kwenye zile picha zenu 200 kwanza, na likishuka mnabaki na la zamani. Zile picha zitunzeni vizuri, na msiwape kampuni na majibu yake, mana ikishazifundishia haziwi mtihani tena.

Hata bila apdeti vitu vinabadilika, mnanunua mashine mpya ya eksirei, mnahamia chumba kingine, mtu mpya anapiga picha nyeusi kuliko mwenzake. Kwaiyo kila mwezi chukueni picha kadhaa ambazo mashine imesema salama, mtu azisome upya bila kuona alama. Tunzeni daftari: namba ya picha, toleo la programu, alama, alichosema mtu, na jibu la maabara. Sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inamtaka hata mtumiaji, sio mtengenezaji peke yake, atunze kumbukumbu za mfumo wa hatari kubwa angalau miezi 6. Kwa TB ningesema mwaka, kwa sababu aliyekosewa leo anaweza kurudi baada ya miezi kadhaa akitema damu na hapo ndo mtataka kuona mashine ilisema nini.

Nani ana ruhusa ya kuizima

Andikeni jina la cheo, sio "uongozi". Mtu wa mionzi aliyeko zamu awe na ruhusa ya kuizima usiku uleule bila kusubiri kikao, akiona alama zinaruka ovyo, au picha ya mgonjwa mmoja imekuja na jina la mwingine, au wagonjwa wawili waliothibitika na maabara ndani ya wiki moja wote walipewa alama ya chini. Akiizima anaandika saa, sababu na namba za picha, picha zinarudi kusomwa kwa mkono, na wale wote waliosomwa tangu tatizo lilipoanza wanatafutwa kwa simu, ndo maana namba ya simu ya mgonjwa iwepo kwenye rejista. Taarifa inaenda kwa kampuni na inaenda TMDA pia kama tukio la kifaa tiba, zote mbili, siku hiyohiyo, mana kama kosa lipo kwenu lipo na kwenye hospitali nyingine inayotumia toleo lilelile na wao bado hawajaliona.